Kompyuta ya IBM AT: Umbile Lake, Maradhi Yake na Namna ya Kuokoa Maandishi Yaliyomo

1.0 Utangulizi

Msomaji wa jarida hili huenda akashangaa kukuta humu makala juu ya kompyuta ya mwaka 1984. Sababu ni hii. Katika chumba kimoja cha taasisi ambamo mwandishi hufundisha, mjini Uvira, lilikuwapo kwa miaka mingi sanduku la chuma lililofunikwa kitambaa, na juu yake pakiwekwa madaftari ya mahudhurio. Sanduku hilo lilikuwa kompyuta ya IBM ya aina ya AT. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwalimu mmoja ambaye sasa amekwisha kustaafu alitia ndani yake, pamoja na wanafunzi wake, orodha ya maneno ya wavuvi wa Kalundu, Mulongwe na Makobola: majina ya samaki, ya nyavu, ya pepo na ya sehemu za mtumbwi, kwa Kiswahili cha ufukweni, kisha kwa Kivira, Kifuliiru na Kibembe. Vipande vya karatasi vilivyotangulia kuandikwa kwa mkono vilipotea katika vita vya Oktoba 1996. Kwa hiyo orodha ilibaki mahali pamoja tu, nayo ni mashine ambayo haikukubali tena kufungua kitu.

Fundi mmoja aliitwa. Aliiwasha, akasoma kilichotokea kiooni, akatamka kwamba diski imekufa, na akashauri ifutwe na kuandaliwa upya kwa amri ya FORMAT. Ushauri huo, lau ungalifuatwa, ungaliteketeza kazi ya miaka mitatu, kwani diski haikuwa imekufa. Kilichokufa ni betri. Mwandishi si mhandisi, ni mwanaisimu. Lakini kwa kuwa anaamini kwamba orodha za namna hiyo zimelala katika masanduku mengine ya namna hiyo, ameonelea afafanue jinsi mashine hii ilivyoundwa, inavyougua na inavyotibiwa.

2.0 Jina na umbile

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Kenya imeeneza neno tarakilishi, Tanzania imebaki na kompyuta, na wengine wamewahi kutumia ngamizi. Watu wa Uvira, wakizungumza, huchukua neno la Kifaransa bila kulibadili. Hapa tutasema kompyuta. Neno kumbukumbu, ambalo ndilo lililozoeleka, lina kasoro moja ambayo itatusumbua baadaye: mashine hii ina kumbukumbu za namna tatu, nayo husahau moja tu kati yake.

IBM ilitoa kompyuta yake ndogo ya kwanza, PC, tarehe 12 Agosti 1981. Ikafuatiwa na XT Machi 1983, na AT Agosti 1984. Prosesa ya PC na XT ilikuwa Intel 8088 iendayo kwa megahetsi 4.77. AT ilipewa Intel 80286, yenye transista zipatazo 134,000, iendayo kwa megahetsi 6, na katika toleo la 1986 megahetsi 8. Prosesa hiyo yaweza kufikia kumbukumbu ya megabaiti 16, ingawa programu za DOS zilibaki ndani ya mpaka wa kilobaiti 640. Bodi yake kuu iliuzwa ikiwa na kilobaiti 256 au 512. Chanzo chake cha umeme ni cha wati 192. Diski ngumu ya toleo la awali ni ya megabaiti 20, na mlango wa disketi ni wa inchi 5.25 wenye uwezo wa megabaiti 1.2.

Kijana wa leo atacheka akisikia hesabu hizo, maana picha moja ya simu yake hujaza sehemu kubwa ya diski hiyo. Hata hivyo kwa kazi ya lugha uwezo huo haukuwa haba. Ni katika miaka hiyohiyo, kuanzia 1985, ambapo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili. Orodha ya maneno haihitaji picha. Inahitaji herufi, mpango wa alfabeti, na mtu mwenye subira.

3.0 Umeme

Umeme wa Uvira hutoka kwenye mto Ruzizi, ambako kituo cha kwanza kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na cha pili mwaka 1989, kwa ubia wa Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi. Kila mkazi wa mji ajua kwamba umeme huo hukatika, hurudi kwa kishindo, na hushuka jioni watu wanapopika. Mashine ya AT huvumilia kushuka kuliko kurudi kwa ghafla. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuing'oa ukutani mara tu umeme ukatikapo, wala si kungoja.

Nyuma ya chanzo cha umeme pana swichi ndogo ya kuchagua volti 115 au 230. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani huenda ikawa imeachwa kwenye 115. Ukiitia katika umeme wetu wa volti 220 utasikia mlio mmoja tu, nao utakuwa wa mwisho. Itazame swichi hiyo kabla ya jambo lolote.

Ikiwa mashine haitoi sauti na feni haizunguki, watu hukimbilia kukitoa chanzo cha umeme na kukijaribu peke yake mezani. Hawapati kitu, wakakitupa. Kosa lao ni kwamba chanzo cha namna hii hakiwaki kikiwa hakina mzigo. IBM wenyewe walipouza AT isiyo na diski ngumu walifunga ndani yake kizuizi cha omu 5 chenye uwezo wa wati 50, ili chanzo kipate kitu cha kulisha. Basi kijaribiwe kikiwa kimeunganishwa na bodi na diski, au na kizuizi kama hicho. Vichwa viwili vya nyaya viingiavyo kwenye bodi hufanana, navyo vyaweza kubadilishana nafasi kwa bahati mbaya. Alama ya kukumbuka ni kwamba nyaya nyeusi za vichwa vyote viwili zikutane katikati.

Sababu nyingine ya ukimya ni kapasita ndogo za tantali zilizo kwenye bodi na kadi, umbo lake kama tone la maji, hasa zile za njia ya volti 12. Zikizeeka hufunga njia kwa mkato, na chanzo cha umeme, kikihisi hatari, hujizima. Dawa ni kutoa kadi moja baada ya nyingine, mashine ikiwa imezimwa kila mara, hadi feni izunguke. Kadi iliyotolewa mwisho ndiyo yenye lawama.

Tahadhari moja haina mjadala. Ndani ya chanzo cha umeme, volti 220 zikishanyooshwa huwa zaidi ya 300, nazo hubaki katika kapasita kubwa hata baada ya kung'oa waya. Kioo cha kompyuta hushika maelfu ya volti. Asiye fundi asifungue viwili hivyo.

4.0 Mashine inapojieleza

AT ikiwashwa hujipima yenyewe kabla ya kusoma diski. Ikiwa yote ni salama hutoa mlio mmoja mfupi. Mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi maana yake ni kadi ya kioo. Aghalabu yatosha kuitoa, kusafisha meno yake kwa raba ya penseli na kuirudisha. Kisha huandika namba, na namba hizo ndizo fundi wetu hakuzisoma kwa makini. 161 ni betri. 162 ni mpangilio usiolingana na vilivyomo. 163 ni saa na tarehe. 164 ni kiasi cha kumbukumbu. 201 ni kumbukumbu yenyewe, 301 kibao cha herufi, 601 mlango wa disketi, na 1780 diski ngumu.

Hapa nitoe kisa kifupi. Siku ya kwanza tulipoiwasha mashine yetu ilileta 302, na kibao kikakataa kila herufi. Tulisafisha kibao, tukabadilisha waya, tukaazima kibao kingine. Namba 302 maana yake ni kwamba kufuli ya mbele imefungwa: AT ina tundu la ufunguo, kama kabati, na ufunguo ukigeuzwa kibao hufa. Ufunguo ulikuwa umetundikwa ukutani nyuma ya mlango, pamoja na funguo za choo.

5.0 Betri, na diski iliyosahauliwa

Tufike sasa kwenye kiini. Kompyuta za PC na XT ziliambiwa vifaa vyao kwa swichi ndogo zilizopo kwenye bodi. AT ilibadili utaratibu huo. Humo mna chipu ya saa, MC146818 ya Motorola, yenye baiti 64 za kumbukumbu: 14 ni za saa na kazi zake, na 50 zilizobaki huhifadhi mpangilio, yaani kiasi cha kumbukumbu, aina ya kioo, aina ya mlango wa disketi, na namba ya aina ya diski ngumu. Chipu hiyo hulishwa na betri ya volti 6 wakati mashine imezimwa. Betri ikiisha, baiti hizo hamsini hupotea.

Matokeo yake ndiyo yaliyomhadaa fundi. Diski ngumu ya wakati ule haikuweza kujieleza yenyewe. Mashine ilipaswa kuambiwa kwamba diski ina silinda ngapi na vichwa vingapi, na jambo hilo lilisemwa kwa namba moja tu: aina 2, kwa mfano, ni silinda 615 na vichwa 4, na aina 20 ni silinda 733 na vichwa 5. Kila silinda chini ya kila kichwa ina sekta 17, na kila sekta baiti 512. Kwa hiyo aina 2 ni 615 mara 4 mara 17 mara 512, yaani baiti 21,411,840, ambazo ndizo ile megabaiti 20 ya matangazo ya biashara. Namba hiyo ikipotea, mashine huwaka kana kwamba haina diski kabisa. Diski inazunguka, sauti yake yasikika, maandishi yako palepale. Mwenye nyumba ndiye aliyesahau kwamba ana chumba.

Tofauti ya kumbukumbu tatu, tuliyoitaja juu, yaonekana hapa. Kumbukumbu ya kazi hufutika kila mashine izimwapo. Kumbukumbu ya diski haitegemei betri wala umeme. Kumbukumbu ya mpangilio peke yake ndiyo iishiyo kwa betri. Anayesema kwa ujumla kwamba kompyuta imepoteza kumbukumbu hajasema kitu, na huenda akaharibu kitu.

Kuhusu betri yenyewe, ya asili ni ya lithi, imefungwa ubavuni kwa chanzo cha umeme na kuunganishwa na bodi kwa waya. Haipatikani tena madukani, wala haina haja. Mabuye manne ya tochi, kama tuyaitavyo Uvira, kila moja la volti 1.5, yakipangwa kwa mfuatano hutoa volti 6 zilezile. Tuliyatia katika kisanduku cha plastiki kilichotolewa kwenye redio mbovu, tukahakikisha chanya na hasi kwa kipimo, tukakiweka mbali na bodi. Umbali huo una maana, kwani mabuye yakizeeka huvuja. Katika kompyuta nyingi za kuiga AT betri ilichomelewa juu ya bodi yenyewe, na maji yake ya chumvichumvi yamekula njia za shaba. Mwenye mashine ya namna hiyo aitoe leo, hata kama mashine bado yafanya kazi.

Betri ikishawekwa, mpangilio lazima uandikwe upya. AT ya IBM haina ukurasa wa mpangilio ndani yake. Kazi hiyo hufanywa kwa disketi ya uchunguzi iliyouzwa pamoja nayo. Kiooni hutokea neno la kutaka F1 ibonyezwe ili kuendelea, kisha disketi husomwa. Disketi yetu ilikuwa na ukungu, nasi tukapata nyingine kwa mtu aliyekuwa Bujumbura.

Je, aina ya diski itajulikanaje ikiwa hakuna aliyeiandika? Kwanza soma kibandiko kilicho juu ya diski. Kikiwa kimefutika, ipo njia ya pili. Sekta ya kwanza kabisa ya diski, iliyo kwenye silinda 0 na kichwa 0, kwa kawaida husomeka hata aina iliyochaguliwa isipokuwa sahihi, na ndani yake mmeandikwa mwanzo na mwisho wa eneo lililogawanywa. Tulichagua aina ndogo, tukaisoma sekta hiyo kwa programu ya DEBUG ya DOS, tukakuta kichwa cha mwisho ni namba 3. Hesabu huanza na sifuri, kwa hiyo vichwa ni vinne. Na silinda ya mwisho ilikuwa karibu na 615. Tukaandika aina 2, tukazima, tukawasha. Tulipoandika DIR majina ya faili yalishuka moja baada ya jingine.

Katika hatua hizi zote kusoma tu hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni FORMAT, FDISK, na programu za kurekebisha ambazo huandika kabla ya mtu kuwa na hakika ya aina. Tena haifai kuing'oa diski na kuipeleka kwenye kompyuta ya kisasa: waya zake mbili, mmoja wa njia 34 na mwingine wa njia 20, hazina pa kuingia huko, na maandishi yake yalipangwa na kadi yake yenyewe. Mashine nzima ndiyo iponywe.

Kibao nacho kilitutega. Mashine za kwetu zilikuja na kibao cha Kifaransa, lakini kabla amri ya KEYB FR haijasomwa mashine hukidhani kuwa cha Kiingereza. Hivyo ili kuandika A hubonyezwa Q. Kuandika M hubonyezwa alama ya mkato. Na nukta mbili hupatikana kwa kushikilia kitufe cha herufi kubwa na kubonyeza M. Tarakimu, kinyume cha mazoea yetu, huandikwa bila kushikilia kitu. Ambaye hajui hili ataona kila amri yake inakataliwa na atadhani diski ina kasoro.

6.0 Disketi

Juu ya disketi nitasema machache. Ile ya kilobaiti 360 ina njia 40 kila upande, na ile ya megabaiti 1.2 ina njia 80, kwa hiyo kichwa cha mlango wa AT ni chembamba. Mlango huo husoma disketi za kilobaiti 360 vizuri. Lakini ukiandika juu yake, unaacha mstari mwembamba ndani ya njia pana ya zamani, na mlango wa PC au XT utasoma vyote viwili kwa pamoja, yaani hautasoma chochote. Tangu zamani wengi wamedhani disketi zao zimerogwa, kumbe ziliandikwa katika mashine mbili. Unyevu wa ziwa nao huleta ukungu, ambao huonekana kama madoa meupe dirishani mwa disketi. Disketi ya namna hiyo isitiwe mlangoni kabla ya kusafishwa, kwa sababu ukungu hushika vichwa na kuchubua disketi zifuatazo.

7.0 Kuhamisha maandishi

Diski yenye miaka kama hiyo haina ahadi, kwa hiyo siku inapofunguka ndiyo siku ya kunakili. AT ndiyo iliyoleta tundu la mfululizo la pini 9, na tundu hilo ndilo daraja rahisi hadi kwenye kompyuta ya leo, iliyofungwa kigeuzi. Waya uwe wa kupishana, yaani pini 2 ya huku iende 3 ya kule. Na njia za kuulizana utayari nazo zipishane, la sivyo AT itangoja jibu lisilokuja. Amri ya MODE hupanga kasi, na amri ya COPY, ikiongezewa /B ili isisimame katikati ya faili, hupeleka faili kwenye COM1. Kwa biti 9600 kwa sekunde hupita baiti kama 960, kwani kila baiti huchukua nafasi ya biti kumi. Diski nzima ingechukua zaidi ya saa sita. Faili zetu hazikufika kilobaiti 400, na zilihitaji kama dakika saba. Tulizipeleka mara mbili na kuzilinganisha, umeme ukiwapo.

Sehemu ya faili ziliandikwa kwa WordPerfect 5.1, na hizo hufunguliwa na LibreOffice bila taabu. Zilizosalia zilikuwa maandishi matupu ya DOS, nazo zilituletea fumbo ambalo mwanaisimu atalipenda. Kiswahili chake kilikuwa kamili, kwa kuwa hakina alama juu ya herufi. Lakini maneno ya Kifuliiru na Kibembe, ambayo toni zake ziliwekewa alama, yalikuja yakiwa na mishale ya ajabu: mahali pa í palikuwa na ¡, mahali pa ó palikuwa na ¢, mahali pa ú palikuwa na £, mahali pa é palikuwa na mkato, na mahali pa á palikuwa patupu. Maandishi hayakuwa yameharibika. DOS ilizipa herufi á, í, ó, ú namba 160 hadi 163, na é namba 130, wakati Windows huzisoma namba hizo kwa meza nyingine kabisa. Yatosha kuiambia programu ya kuandikia kwamba faili ni ya ukurasa wa herufi 850. Hatari iko kwa yule anayesahihisha kwa mkono: akiona nafasi tupu katikati ya neno ataifuta, na pamoja nayo ataifuta toni ya juu, wala hakuna atakayejua tena kwamba ilikuwapo.

Orodha sasa ipo katika nakala tatu, moja ikiwa imechapwa kwenye karatasi. Katika ukurasa wake wa kwanza wa samaki mna ndagala, ambaye Kigoma huitwa dagaa, na mukeke, ambaye huko huitwa mgebuka. Kando ya kila jina mmeandikwa ufuko ambako neno lilisikiwa. Kando ya maneno machache pana alama ya kuuliza iliyowekwa na mwalimu wetu. Tumempelekea kurasa hizo, naye ameanza kuzijibu.